Kutoka Mandara Hadi Uhuru

Njia ya Marangu imekosa heshima siku hizi. Watu wa mlimani huiita njia ya Coca-Cola, kwa kuwa ina vibanda vya mbao na vitanda, na soda zimekuwa zikiuzwa humo vituoni. Sifa za mandhari zimepewa njia za Machame na Lemosho. Sina ugomvi na njia hizo. Lakini Mtanzania anayekwenda kuupanda Mlima Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, mimi nitamwambia apite Marangu. Ndiyo njia ambayo historia ya kilele imekaa barabarani kwa mpangilio wake: unaanza kwa mamangi, yaani watawala wa Kichaga, unapita kwa Mjerumani, unamalizia kwa bendera ya nchi yako. Kituo cha kwanza kinaitwa Mandara, cha pili Horombo, cha tatu Kibo. Juu ya Kibo kuna pango lenye jina la Hans Meyer, kisha ukingo wenye jina la Gillman, na mwisho Uhuru, mita 5,895.

Langoni, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jambo la kwanza utakaloliona asubuhi ni mzani. Kila mzigo unapimwa, na ukizidi kilo 20 unafunguliwa na kupunguzwa. Wanaosubiri mzani huo ni wapagazi, au wagumu kama wanavyoitana wenyewe, vijana wa Marangu, Mamba, Rombo na Moshi mjini, na wengine wametoka mikoa ya mbali kabisa. Watakuacha nyuma ndani ya nusu saa ya kwanza, mzigo kichwani au shingoni, na utakapofika kituoni utakuta chai imeshachemka. Kikomo cha kilo 20 hakikuja chenyewe. Wagumu walibeba mizigo mizito kupita kiasi kwa miaka mingi, wengine wakiwa na viatu vya kuazima na bila koti la maana, na wapo waliokufa kwa baridi katika mlima ambao wageni hufia kwa nadra. Anayetaka kujua kama kampuni anayosafiri nayo ina utu, awaulize wagumu wake wanalala wapi, wanakula mara ngapi kwa siku, na wanalipwa lini. Majibu yao yatamtosha.

Hapo hapo langoni kuna bamba la kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni, na jingine la Wachaga waliotangulia kuongoza wageni. Jina linalojulikana kuliko yote ni la Yohani Kinyala Lauwo. Marangu wanasimulia kwamba alikuwa kijana mdogo alipoteuliwa kumwongoza Meyer mwaka 1889, na kwamba alipanda bila viatu, amejifunika blanketi. Serikali ilipoadhimisha miaka 100 ya safari ile, mwaka 1989, mzee Lauwo alikuwa bado hai, akaenziwa na kujengewa nyumba kijijini kwake. Wapo wanaobishana kuhusu umri wake na mahali hasa alipofika. Binafsi naona ubishi huo unapotosha swali. Hakuna Mzungu wa karne ile aliyefika hata nusu ya mlima bila watu wa Uchagani kumwonyesha njia ya msituni, kumlisha na kumbebea. Hilo halina ubishi, na Meyer mwenyewe aliliandika.

Kutoka langoni hadi Mandara ni msitu mtupu. Mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya vichwa, ndevu za kijani zinaning'inia kwenye matawi, na chini, penye unyevu, huota ua dogo jekundu na njano lililojikunja kama mkonga wa tembo, ua ambalo halipatikani porini popote duniani isipokuwa hapa. Wapandaji wengi hupita msituni haraka, akili iko kwenye theluji. Ningewaomba wapunguze mwendo. Maji yanayonywesha vihamba vya migomba na kahawa kule chini, yaliyoongozwa kwa mifongo, mifereji ambayo Wachaga walianza kuichimba zamani kabla ya Mjerumani, hayatoki kwenye barafu kwa sehemu kubwa. Yanatoka humu. Mvua hunyesha kwa wingi kwenye ukanda huu kuliko kileleni, na miti hukamata ukungu na kuutiririsha ardhini. Barafu ikiisha, mlima utapoteza uzuri wake na kumbukumbu yake ya hali ya hewa. Msitu ukiisha, Moshi itakosa maji.

Ulinzi wa msitu huu ni wa muda mrefu. Wajerumani waliutenga kuwa hifadhi, Waingereza wakauendeleza kama msitu wa akiba. Hifadhi ya Taifa yenyewe ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Hapo mwanzo hifadhi ilianzia juu ya msitu. Msitu uliingizwa ndani ya mipaka yake baadaye, na akina mama wa vijiji vya mpakani, waliozoea kuokota kuni na kukata majani ya ng'ombe humo, ndio walioubeba uzito wa uamuzi huo. Naunga mkono uamuzi. Lakini anayetembea kwenye kivuli cha miti hiyo ajue kuna mtu kijijini anayekilipia.

Mandara iko mita 2,720, mahali msitu unapoanza kuachia. Mangi ambaye kituo kimeitwa kwa jina lake alikuwa Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara, mtu mwenye jicho moja na akili nyingi, aliyepokea misafara ya Pwani, wamisionari na wapelelezi wa mataifa ya Ulaya, na kwa kila mmoja akajua atapata nini. Mwaka 1889, mwaka ule ule Meyer alipopanda, Mandara alituma wajumbe wake mpaka Berlin kwa Kaiser. Alidhani anazungumza na mtawala mwenzake. Alifariki mwaka 1891 na kumwachia kiti mwanawe, Meli. Mwaka uliofuata Wajerumani walipanda Moshi na bunduki. Meli akawapiga, kamanda wao von Bülow akauawa vitani. Walirudi mwaka 1893 na jeshi kubwa zaidi, na safari hiyo Moshi ikashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hadharani Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Miongoni mwa wanaotajwa kuwa waliwachongea kwa Wajerumani ni Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa mwenyeji wa Hans Meyer. Historia ya Uchagani haina upande mmoja wa mashujaa na mwingine wa wageni waovu. Inauma zaidi ya hapo.

Ukoo wa Meli unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na umekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu kadhaa yaliyokuwa kwenye makusanyo yao na jamaa walio hai Tanzania, likiwemo fuvu la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana. Nilipolala Mandara nilikuwa na habari hiyo kichwani, na ilinishangaza kuona ubaoni jina tu, bila sentensi hata moja ya kumwambia mgeni Mandara alikuwa nani na mwanawe alifanywa nini.

Baada ya msitu, kilele cha Kibo hujitokeza. Weupe wa juu yake ndio Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Rabai karibu na Mombasa, aliouona tarehe 11 Mei 1848, akiongozana na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara. Alipouliza ni kitu gani, mwenzake mmoja wa safari alimjibu kuwa ni baridi. Rebmann akaelewa ni theluji, akaandika, na London wakamcheka. William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji chini ya ikweta haiwezekani. Ubishi uliendelea mpaka Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda mwaka 1862, wakafika zaidi ya mita 4,000 na kunyeshewa theluji.

Wachaga hawakuwa wakingoja kuthibitishiwa. Rebmann na mmisionari mwenzake Krapf walisimuliwa habari za Rungua, mangi wa Machame, aliyetuma kundi la watu juu kwenda kujua kile cheupe kinachong'aa kama ni fedha. Aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu imeharibika kwa baridi. Safari ile ilifanyika kabla ya Meyer kuzaliwa. Kwangu mimi Sabaya ndiye mpandaji wa kwanza wa Kilimanjaro tunayemjua kwa jina. Hana pango, hana barafu, hana ukingo ulioitwa kwa jina lake. Ningefurahi hifadhi ingempa walau mwamba mmoja.

Kati ya Mandara na Horombo njia inapita Whona, mahali pa kupumzikia na kula chakula cha mchana. Hapo ndipo moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulipoanzia. Ulidumu siku nyingi, ukala vichaka na nyasi za ukanda huu, na waliopanda kuuzima walikuwa mamia ya watu: askari wa hifadhi, wanakijiji, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wengine wakiwa na matawi mabichi tu mkononi. Moto ukijirudia mara kwa mara huushusha mpaka wa juu wa msitu, na ukishuka, maji ya ukungu hupungua. Mimea inarudi, lakini polepole, maana kwenye baridi hii kila kitu hukua kwa miaka.

Horombo, mita 3,720, ni mji mdogo wa mbao: wanaopanda na wanaoshuka wanakutana, na sura zao hazifanani. Horombo mwenyewe alikuwa mbabe wa Keni, upande wa Rombo, aliyeunganisha kwa vita sehemu kubwa ya mashariki ya Uchagani mwanzoni mwa karne ya 19. Hapa yafaa kulala siku mbili. Mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi, na siku ya ziada huamua nani atafika zaidi kuliko mazoezi ya miezi mitatu mjini. Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganya maneno, au kukohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, dawa ni moja: ashuke, na ashuke usiku huo huo, asingoje asubuhi. Mwongozaji mzuri hana aibu ya kumrudisha mtu. Vijana wenye nguvu ndio hasa wanaomsumbua, kwa sababu hukimbia.

Juu ya Horombo mnapita mahali penye maji ya mwisho. Kituo cha Kibo hakina maji, kwa hiyo kila kikombe cha chai utakachokunywa huko kimepandishwa na mtu. Halafu unaingia uwanda mpana, mkavu, wenye upepo, kulia Mawenzi iliyochongoka, mbele yako Kibo ya duara. Wazee husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akimwendea jirani yake Kibo kila mara kuomba moto, moto wake ukizimika. Kibo akachoka, akashika mchi aliokuwa akitwangia ndizi kavu, akampiga mpaka akamchanachana hivyo. Ukiwa kwenye uwanda ule, umechoka, ukiitazama Mawenzi na meno yake, unaona kabisa pigo lilipotua.

Mwaka 1889 Meyer alifika huku katika jaribio lake la tatu. Mara ya kwanza, 1887, barafu ilimshinda. Mara ya pili, 1888, hakufika hata mlimani: vita vya Abushiri viliwaka Pwani, yeye na mwenzake wa safari Oscar Baumann wakakamatwa na kufungwa minyororo, wakaachiliwa kwa fidia. Mara ya tatu akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na mpango ambao ndio unaoendesha biashara nzima ya Kilimanjaro hata leo. Aliweka kambi kwa ngazi. Wapagazi wa Marangu walipandisha chakula kipya kila baada ya siku chache, hivyo hakulazimika kushuka njaa ikimpata. Na kambi ya juu, zaidi ya mita 4,300, alikaa Mwini Amani, mtu wa Pangani, akilinda hema, akitafuta kuni na kupika kwenye baridi ambayo hakuna mtu wa Pwani aliyezaliwa kuizoea. Alikaa huko siku nyingi, mara nyingi peke yake. Kila ninapowaona wapishi wa Kibo wakipuliza jiko saa tano usiku, namkumbuka Mwini Amani.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kreta, wamechoka, muda hautoshi, wakarudi. Walipumzika, wakasogeza kambi juu, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama kileleni. Meyer akakipa jina la Kaiser Wilhelm. Alichukua jiwe, na nusu yake Kaiser aliiweka kwenye jumba lake la Potsdam. Ili kufika walikata ngazi katika barafu kwa shoka, pigo baada ya pigo, kwa saa nyingi.

Leo hukati chochote. Mnaamshwa kabla ya saa sita usiku, mnakunywa chai na biskuti ambazo hazipiti kooni, mnawasha taa za kichwani na kuanza kupanda changarawe. Usiku huchaguliwa kwa sababu changarawe imeganda na kushikana. Jua likiiyeyusha, kila hatua mbili zinarudi moja. Hewa ya kileleni ina karibu nusu ya oksijeni unayoipata Tanga au Dar es Salaam kwa kila pumzi. Mazungumzo hukatika. Katika kundi letu alikuwamo mwalimu mstaafu, na mwongozaji, kijana wa umri wa wanawe, alimtembeza mbele kabisa ili mwendo wake uwe ndio mwendo wetu sote.

"Mama, usitazame juu. Tazama viatu vyangu."

"Nimechoka, mwanangu."

"Najua, mama. Hatua moja, pumzi moja. Hatuna haraka, mlima haukimbii."

Alimwambia hivyo pangoni, akamwambia hivyo kila kona, bila kuchoka. Ndivyo waongozaji wanavyowafikisha watu Kilimanjaro, na hakuna kifaa kinachochukua nafasi yake.

Ukingo wa Gillman unaufikia alfajiri. Mawenzi iko chini yako, jua linatokea nyuma yake, na wengi hulia bila kujua kwa nini. Wengi pia huishia hapa. Kutoka hapo kwenda Uhuru ni kuuzunguka ukingo wa kreta kupitia mahali panapoitwa Stella, saa moja na nusu au zaidi, na kushoto kwako zinasimama kuta za barafu zilizobaki. Tangu 1912, barafu ilipochorwa kwa mara ya kwanza kwa vipimo vya kuaminika, hadi 2007, asilimia 85 hivi ya eneo lake ilikuwa imetoweka, na UNESCO imeonya kwamba barafu za Afrika zinaweza kwisha ifikapo mwaka 2050. Ukizitazama kwa karibu huoni zikivuja maji tu. Nyingi huliwa na jua na hewa kavu, zikapungua bila kutiririka. Mtoto anayezaliwa leo Himo akitaka kuziona, wazazi wake wasichelewe kumleta.

Halafu ubao wa Uhuru. Oktoba 1959 Julius Nyerere alizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya mwenge utakaowekwa juu ya mlima huu na kumulika hata nje ya mipaka. Watu walilichukua kama usemi mzuri tu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda wa jeshi la Tanganyika aliusimamisha mwenge huo hapa pamoja na bendera ya taifa jipya, saa ile ile bendera ya Waingereza ilipokuwa ikishushwa Dar es Salaam. Kilele kilichobeba jina la Kaiser kikaitwa Uhuru. Ilikuwa imepita miaka 72 tangu Meyer asimame mahali pale pale, na 61 tangu Meli anyongwe.

Makumi ya maelfu ya watu hupanda kila mwaka, na wengi wao ni wageni kutoka nje. Watanzania wameanza kuongezeka, hasa vikundi vinavyopanda kila Desemba kuadhimisha Uhuru, na raia hulipa ada ndogo kuliko ya mgeni. Gharama bado ni kubwa kwa familia ya kawaida, sitaificha: ada, mwongozaji, wagumu, nguo za baridi, siku za kazi zilizopotea. Shule za Moshi na Arusha zingeweza angalau kuwapeleka watoto hadi Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, na ningependa kuona safari hiyo ikiingizwa katika ratiba zao kama zinavyoingizwa safari za Bagamoyo. Mtoto aliyepita msituni kwa miguu atajua maji ya bomba la nyumbani kwao yanatoka wapi.

Na mtu mzima atakayejaaliwa kwenda hadi juu, aanze siku moja mapema. Achukue daladala kutoka Moshi mjini hadi Old Moshi, aulize Tsudunyi, aonyeshwe mti alionyongewa Meli. Mti bado upo, na kando yake pana sanamu yake, iliyowekwa mwaka 2019. Wenyeji watamweleza wenyewe, tena kwa kirefu, kama hana haraka. Baada ya hapo ndipo aende lango la Marangu kupimiwa mizigo.